NANI MWENYE UKINGO WA BARABARA?



Tunajua kwamba wengine watatucheka leo. Watasema: Watu wa Kibabi wana mashimo yao, wana matope yao, wana vita mlangoni, na gazeti lao laandika habari ya kusimamisha magari huko Goma, kando ya ziwa! Mtu asiye na hata baiskeli ana shauri gani na parkingi? Tunawaomba watuvumilie. Wakimaliza kusoma, kama bado wanacheka, basi wacheke.

Ndugu mmoja mchimbaji, ambaye jina lake tunalifahamu lakini hatutaliandika, alimpeleka mtoto wake Goma juu ya pikipiki. Mtoto alikuwa na homa ya siku nne. Walipita Sake, wakafika mjini saa za mchana, na motari akasimama kando ya barabara karibu na duka la dawa. Baba akaingia ndani na mtoto mgongoni. Akaja mtu mwenye jileti, akamtaka motari franka 500 ya kusimama, akampa kikaratasi. Kabla baba hajatoka dukani akaja mtu wa pili, naye ana jileti ya rangi nyingine, akakitazama kile kikaratasi, akasema: Hiki si changu, hiki ni cha upande ule wa barabara. Akalipwa naye. Wa tatu hakuuliza neno. Alitia mnyororo katika gurudumu. Hakuna hata mmoja aliyetaja ofisi yake, wala sisi hatutamwekea mtu ofisi asiyoitaja mwenyewe. Baba alipotoka na chupa ya dawa alikuta motari analia kama mtoto, sababu pikipiki ile si yake, ni ya tajiri, na jioni tajiri anangoja hesabu. Ikabidi yule mchimbaji atoe feza aliyoiweka ya kununua dawa ya pili. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini dawa ya pili ilinunuliwa baada ya wiki mbili, kwa deni.

Sisi makarani kazi yetu ni kuandika katika buku kitu kilichoingia na kitu kilichotoka. Tulipoisikia habari hii tuliuliza kwanza neno dogo la kikarani: vile vikaratasi vilikuwa na namba? Havikuwa na namba. Vilikuwa na tarehe? Kimoja. Vilikuwa na muhuri? Muhuri ulikuwepo, lakini haukusomeka. Basi feza ya watu watatu iliingia mahali ambapo hapana buku.

Tuanze na ardhi yenyewe, maana ndiyo shina la shauri hili. Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973, katika kifungu cha 53, yasema udongo ni mali ya Leta peke yake, hauuzwi wala haupotei kwa sababu ya kupita miaka. Na kifungu cha 55 chaongeza ya kwamba kitu cha Leta kilichowekwa kwa matumizi ya watu wote hakiwezi kukodishwa kwa mtu binafsi mpaka kwanza kitolewe katika matumizi hayo kwa utaratibu wa sheria. Barabara ni kitu cha watu wote. Ukingo wa barabara ni barabara. Kwa hiyo yule mwenye gari kubwa jeusi anayepanga mawe mbele ya nyumba yake ili mtu mwingine asisimame, hana haki. Yule mwenye hoteli anayeweka mlinzi na kamba barabarani, hana haki. Na yule mwenye jileti anayekodisha hatua tatu za lami kama lupango la babu yake, naye hana haki, isipokuwa ametumwa na sheria na ana karatasi ya kuthibitisha.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 yasema katika kifungu cha 174 ya kwamba kodi haiwekwi ila kwa sheria. Maneno hayo hayahitaji mwalimu wa kuyafafanua. Si kwa tangazo la mdomo, si kwa mnyororo, si kwa sababu jana ulilipa kwa hiyo leo utalipa tena.

Lakini tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi kwamba kusimamisha gari mjini kuwe bure. Wengi wa wasomaji wetu watashangaa hapa, maana wangependa tuseme bure. Tunasema hapana, na sababu tunayo.

Mwaka 1935, tarehe 16 Julai, katika mji wa Oklahoma City huko Marekani, iliwekwa mashine ya kwanza duniani ya kulipisha gari lililosimama barabarani. Aliyeanzisha shauri hilo, Carl Magee, alikuwa mtu wa gazeti, jambo ambalo latupa sisi moyo kidogo. Shida yao ilikuwa hivi: watu wenye kazi katikati ya mji walikuja asubuhi, wakaacha magari mbele ya maduka mpaka jioni, na mnunuzi aliyetaka kuingia kwa nusu saa hakupata mahali. Wenye maduka wakalia. Mashine ilitaka senti tano kwa saa. Mwenye kukaa kutwa alijikuta analipa sana, akahamisha gari lake mbali. Mwenye kuja kwa nusu saa akapata nafasi. Feza ile kazi yake ya kwanza ilikuwa kugawanya mahali pachache kati ya watu wengi. Kujaza sanduku la mji kulikuja nyuma.

Hapo ndipo penye siri yote ya parkingi. Mahali pa kusimama ni kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. Usipoweka zamu, mwenye pipa kubwa atachota yote, na mama mwenye kopo atarudi mikono mitupu.

Tutazame sasa Goma. Mji huu umebanwa pande zote. Kusini kuna ziwa. Mashariki kuna mpaka wa Rwanda na mji wa Gisenyi, na kwenye kizuizi kidogo hupita makumi ya maelfu ya watu kwa siku moja, wengi wao mama zetu wenye vikapu. Kaskazini kuna mlima wa moto. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulipasuka, na mto wa moto ukapita katikati ya maduka mpaka ukaingia ziwani, ukafunika na sehemu ya kiwanja cha ndege. Watu walirudi wakajenga juu ya mawe yale meusi kabla hayajapoa sawasawa. Tarehe 22 Mei 2021 ulipasuka tena, na safari hii moto ulisimama kando ya mji. Katikati ya mambo hayo yote watu wameongezeka miaka hata miaka, wengine kwa kuzaliwa na wengi kwa kukimbia bunduki za Masisi, Rutshuru na Walikale. Barabara za lami ni chache, na kila mtu anazitaka hizo hizo: kamio lenye mizigo ya Beni, basi dogo, gari la shirika la misaada lenye bendera, pikipiki elfu kwa elfu, na chukudu.

Chukudu! Katikati ya mji kuna sanamu ya mtu anayesukuma chukudu, imepakwa rangi ya dhahabu, na wageni hupiga picha mbele yake. Sanamu imepewa mahali pa kusimama kwa heshima. Chukudu ya mbao yenye magunia ya viazi, iliyotoka milimani tangu alfajiri, ikisimama hatua ishirini kutoka hapo hufukuzwa kwa fimbo.

Ruhusu hesabu kidogo. Gari dogo likisimama lataka nafasi ya meta mbili na nusu kwa meta tano. Ni meta mraba 12 na nusu. Katika nafasi hiyo pikipiki tano zasimama vizuri, bila kugusana vioo. Sasa gari la bwana mmoja lasimama tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, saa nane nzima, na lilimleta mtu mmoja. Tuseme kila moja ya zile pikipiki tano yapata abiria mmoja katika nusu saa. Kwa saa nane ni abiria 80. Nafasi ile ile! Na bado mji hufikiri ya kwamba anayeziba barabara ni motari.

Motari naye si malaika. Tutasema na hili, maana gazeti lisilowakosoa watu wake ni ngoma tu. Vijana wetu wengi waliotoka mashimoni walinunua pikipiki kwa jasho, au walizichukua kwa tajiri kwa hesabu ya kila siku, na sasa husimama mafungu mafungu penye kona, mbele ya mlango wa hospitali, juu ya mahali pa kupitia miguu, hata gari la wagonjwa lapiga honi likakosa njia. Ukimwambia motari asogee, atakujibu: Nisogee wapi? Na jibu lake ni la kweli. Lakini mama mwenye mimba anayelazimika kushuka katikati ya magari kwa sababu ukingo umejaa pikipiki, yeye hawezi kulila jibu hilo. Umoja wa wamotari wajua kupanga foleni wakitaka. Tunataka waitake.

Tuwatazame majirani, maana sisi si wa kwanza kuona jambo hili. Mombasa ni mji wa bahari, nao umebanwa kuliko Goma, maana ni kisiwa. Bidhaa zetu nyingi hushuka pale katika meli, zikasafiri zaidi ya kilometa 1,500 kupitia Nairobi na Kampala mpaka hapa kwetu, na mizigo mingine ya migodi yetu hutokea huko huko. Kila siku kamio linaposimama bila kazi kwa kukosa mahali au kwa kungoja karatasi, mtu hulilipia, na mtu huyo mwishoni ni yule anunuaye kipande cha sabuni katika soko la Kibabi. Kwa miaka mingi wakaaji wa Changamwe na Miritini wamelalamika juu ya makamio yaliyopangwa kando ya barabara zao. Parkingi ya Mombasa ni shauri letu, tupende tusipende.

Katika Kenya, Katiba yao ya mwaka 2010 iliandika shauri hili waziwazi. Jedwali la nne lasema ya kwamba barabara za kaunti, taa za barabarani, mwendo wa magari na mahali pa kuyasimamisha ni kazi ya serikali ya kaunti. Kaunti 47 zilianza kazi mwaka 2013. Kwa hiyo mtu wa Mombasa akifungiwa gurudumu anajua mlango wa kugonga. Hamwendei waziri wa Nairobi, hamwendei jemadari, hamwendei mwenye jileti. Anakwenda kwa kaunti aliyoipigia kura, na kama hakuridhika, baada ya miaka mitano anapiga kura nyingine. Katiba ile ile yasema, kifungu cha 210, ya kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni itakayowekwa au kubadilishwa ila kwa sheria, na yataka raia washirikishwe katika mambo ya feza ya umma.

Wasomaji watauliza: maneno hayo yana meno? Yanayo. Mwaka 2014 Mahkama Kuu ya Nairobi ilifuta sheria ya feza ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa sababu raia hawakuulizwa jinsi ipasavyo. Sheria nzima, pamoja na kodi zake, ilianguka. Raia walikwenda mahkamani na Katiba mkononi, bila kuchoma tairi hata moja. Tunalitaja jambo hili kwa ajili ya wale wa kwetu wanaosema ya kwamba mtu mdogo hawezi neno mbele ya ofisi.

Si kwamba Mombasa ni paradiso. Wenye magari hulalamikia pingu za magurudumu, wenye tuktuk hulalamikia kufukuzwa, wenye biashara ndogo hulalamikia kila kitu, na wana sababu. Lakini kuna kitu kimoja cha kule ambacho twakitamani. Kando ya mlango wa bahari, karibu na kivuko cha Likoni, kuna uwanja wa Mama Ngina. Ulitengenezwa upya ukafunguliwa mwaka 2019. Jioni watu huja, mwenye gari na mwenye miguu, wakakaa wakitazama meli zinapoingia, wakala mihogo na viazi karai, wakanywa madafu. Mchukuzi wa bandarini hukaa meta mbili kutoka kwa mwanasheria. Bahari haimwulizi mtu mshahara wake. Zanzibar nayo ina bustani ya Forodhani mbele ya Mji Mkongwe, iliyotengenezwa upya ikafunguliwa mwaka 2009, na ndani ya Mji Mkongwe wenyewe vichochoro ni vyembamba hata gari halipiti, kwa hiyo mtu huliacha nje akatembea. Hakuna aliyekufa kwa kutembea.

Na Goma? Tuna ziwa zuri kuliko bahari nyingi, maji matamu, hewa safi. Onyesheni mahali ambapo mchimbaji wa Kibabi, akifika mjini siku ya mapumziko, aweza kukaa bure akalitazama. Ukingo karibu wote ni kuta za hoteli na za nyumba za wakubwa. Wakati wa Wabelgiji ukingo ulikuwa wa wazungu. Tarehe 30 Juni 1960 tulipata uhuru, bendera ikabadilika, lakini ukuta haukubomolewa, ulibadilisha mwenyewe tu. Penye nafasi ya watu, kama Kituku, ndipo penye soko, penye mitumbwi, penye mama wanaochota maji, penye pikipiki na kamio, yote katika kipande kimoja. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli iliyotoka Minova, iliyojaa kupita kiasi kwa sababu vita vilikuwa vimefunga njia ya nchi kavu, ilizama karibu kabisa na Kituku, na watu walikuwa wamesimama kando wakingoja ndugu zao. Hatuwezi kusema ya kwamba parkingi ingewaokoa wale. Tunasema tu kwamba mji unaowapa watu wake kipande kimoja cha ukingo kwa kila kazi utaona msongamano hata siku ya msiba.

Watu wa Tanzania mwaka 2017 walianzisha wakala wa barabara za mijini na vijijini, TARURA, na katika Dar es Salaam kazi ya kukusanya ada ya kuegesha, ambayo zamani ilifanywa na kampuni, ikaingia katika mikono ya wakala huo wa serikali. Kampala walikuwa na kampuni. Hatuna ugomvi na njia hii wala ile. Ugomvi wetu ni juu ya buku.

Maana hapa ndipo sisi wa migodi tuna neno la kumfundisha mtu wa mji. Katika miaka ya 2010 wazungu wanaonunua madini walikataa gunia lisilojulikana lilikotoka. Ikaletwa kazi ya vitambulisho. Kila gunia la koltani au la kasiteriti lilipimwa shimoni, likafungwa kitambulisho chenye namba, karani akaandika namba, kilo, tarehe na shimo. Gunia likifika Goma, lilipimwa tena, namba ikasomwa tena. Kazi ile ilikuwa na wizi wake, tusidanganyane. Vitambulisho viliuzwa usiku, na magunia ya mahali pengine yaliingia katika namba zetu. Lakini wizi ulijulikana kuwa wizi, kwa sababu namba ilikuwapo ya kuulizia. Sisi tuliofanya kazi hiyo tunauliza: ikiwa mchimbaji asiyejua kusoma aliweza kulazimishwa kuandikiwa gunia la kilo 50 kwa namba, mbona franka 500 ya motari haiwezi kuandikwa namba?

Fanya mfano. Si hesabu ya mji wowote, ni mfano tu. Tuseme mji una nafasi mia moja za magari katikati, na kila nafasi yaingiza franka 1,000 kwa siku, kwa siku 300 za mwaka. Ni franka milioni 30. Hiyo ni feza ya taa, ya mitaro, ya vyoo vya soko. Ikiwa yaingia mfukoni mwa watu wenye jileti, basi mji umeibiwa milioni 30, na aliyeibiwa zaidi ni yule asiye na gari, maana yeye ndiye atembeaye gizani na kukanyaga tope.

Huko Marekani tena, katika mji wa Pasadena, mwaka 1993 walitaka kuweka mashine za kulipisha katika mtaa wa zamani uliokuwa umechakaa, na wenye maduka wakakataa. Wakuu wa mji wakawaambia: Kila feza itakayokusanywa katika mtaa huu itarudi katika mtaa huu huu. Wakakubali. Feza ikatengeneza njia za miguu, ikapanda miti, ikaweka taa, ikafagia. Mtaa ukafufuka. Profesa mmoja wa huko, Donald Shoup, aliyefariki mwaka 2025, aliandika kitabu kikubwa mwaka 2005 juu ya jambo hili. Shauri lake mtu wa soko atalielewa upesi: weka bei ambayo itaacha nafasi moja au mbili wazi katika kila kipande cha barabara, si zaidi wala si chini, na feza irudi pale ilipotoka, ili mlipaji aione kwa macho yake.

Basi hayo ndiyo tunayoyataka Goma, na baadaye Sake, na hata katika senta zetu za migodi, ambako pikipiki zimekwisha kuziba soko. Mahali pa kusimama pachorwe kwa rangi, kila mtu ayaone. Katika kila kona pawe na nafasi ya pikipiki na ya chukudu kabla ya nafasi ya magari, maana ndizo zinazobeba watu na chakula. Nafasi hiyo isilipiwe, au ilipiwe kidogo kabisa kwa mwezi kupitia umoja wao. Gari la kukaa kutwa lilipe, na lilipe zaidi kila saa inavyoongezeka. Gari la wakubwa lilipe kama la wengine. Hatujaona katika Katiba ya kwamba bendera juu ya gari ni risiti. Makamio yapate uwanja nje ya mji, wenye maji na choo na mlinzi, ndipo yakatazwe kuingia mchana. Anayefukuza watu kabla ya kuwaonyesha pa kwenda hajatengeneza mji.

Bei iandikwe juu ya ubao, kwa Kiswahili, penye kila mtaa, pamoja na namba ya sheria iliyoiweka. Risiti iwe na namba inayofuatana. Na mwisho wa kila mwezi jumla ibandikwe mlangoni pa komini, ya Goma na ya Karisimbi: tulipokea kiasi hiki, tulitumia kiasi hiki, hapa na hapa. Karani mmoja mwenye kalamu aweza kuifanya kazi hiyo kwa siku mbili. Tuko wengi.

Tunajua neno tutakalojibiwa. Watasema wakati si wake. Mei 2021 ilitangazwa hali ya kuzingirwa, watawala raia wakaondolewa, wanajeshi na polisi wakashika ofisi. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma. Walioshika buku ya kodi walibadilika. Jileti zikabadilika rangi. Ni kweli, na hatutajifanya hatuoni bunduki. Lakini tangu tulipokuwa wadogo tunasikia wakati si wake. Wakati wa amani walisema kuna mambo makubwa zaidi. Wakati wa vita wanasema kuna vita. Motari hulipa katika nyakati zote mbili. Mtu anayeweza kukusanya feza wakati wa vita aweza pia kuandika risiti wakati wa vita.

Wengine watasema: Nyinyi wa Kibabi mnaingilia mambo ya mji. Tunajibu: nyumba nyingi za mji zimejengwa kwa mawe yetu, na hatusemi mawe ya mlima wa moto. Na mtoto wa yule ndugu alikuwa akihema mgongoni wakati watu watatu wakigombania franka 500.

Sasa tuna ombi. Kila motari, kila dereva, kila mwenye chukudu na kila mama wa soko aliyelipishwa kwa kusimama, katika mwaka huu, mahali popote kati ya Kibabi na ukingo wa ziwa, alete kikaratasi chake kwa karani wa gazeti hili, au kwa mtu anayeliuza. Hatutakichukua. Tutanakili namba, tarehe, kiasi na jina la mtaa, kisha tutamrudishia mwenyewe. Jina lake hatutaliuliza. Asiyejua kusoma atasomewa. Tutachapa orodha katika toleo lijalo, mtaa kwa mtaa, na jumla yake chini. Vikaratasi visivyo na namba navyo vije. Hivyo ndivyo tunavyovitaka zaidi.